Kwa Zuhura, habari za mwani na padri wa Solovki

Jambiani, Unguja

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, mama anakusalimu sana, na Maua kajifungua mtoto wa kiume. Mengine atakusimulia mwenyewe. Mimi nina jambo limenikaa rohoni tangu mfungo, na huu ukimya wetu wa miezi minane umelizidisha uzito.

Unamkumbuka Florensky? Yule padri wa Kirusi tuliyemsoma Mlimani, ukawa unabisha kwamba haiwezekani mtu mmoja awe padri na mwanahisabati pamoja. Kitabu chake kikubwa, Nguzo na Msingi wa Kweli, kilitoka mwaka 1914, nacho chote ni barua 12 anazomwandikia rafiki. Wakati ule tulisoma ile ya shaka tu, kwa sababu ya mtihani. Juzi nimeisoma ya 11, ya urafiki. Anasema akili iliyojifungia peke yake haina inachokijua zaidi ya "mimi ni mimi"; kweli mtu huipata akitoka nafsini mwake akamwendea mwenziwe. Ukilivunjavunja kanisa mpaka kipande cha mwisho, anasema, hupati mtu mmoja, unapata marafiki wawili. Dini yake si yangu, lakini hapo nilikifunga kitabu nikakaa kimya.

Sasa sikia lililonifanya nishike kalamu. Walimkamata mwaka 1933, na 1934 wakampeleka Solovki, visiwa vya Bahari Nyeupe, kwenye monasteri kongwe iliyokuwa imegeuzwa kambi ya wafungwa. Unajua walimpa kazi gani huko? Mwani, Zuhura! Aliwekwa maabara kutafuta namna ya kutoa madini joto kwenye mwani, na ule utelezi wa kugandishia vyakula. Mtu aliyeandika juu ya Utatu na juu ya hesabu za yasiyo na mwisho za Cantor, yule mwanahisabati, yuko kifungoni anachemsha mwani! Na habari zake anamwandikia mkewe, Anna, na watoto wao watano, tena akiwachorea mimea yenyewe.

Nilimsimulia mama. Aliacha kufunga tai-tai, vile vikamba vya kufungia mwani wetu wa kulima, akauliza: "Huko kwenye barafu wanauvunaje?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo kila tukirudi pwani ananiuliza, "Yule padri wako je?" Mwani mnene haustahamili tena maji ya moto, unageuka mweupe na kukatika kambani. Bamvu lililopita, maji yalipokupwa sana, tulirudi na nusu pakacha. Mama anaamini mtu aliyeutazama mwani kwa miaka mitatu, hana pa kwenda, lazima ameona kitu.

Kuna na rafiki yake, Sergei Bulgakov, mwanateolojia. Mchoraji Nesterov aliwachora pamoja mwaka 1917, wakitembea bega kwa bega. Bulgakov akafukuzwa nchini mwisho wa 1922, akafia Paris mwaka 1944. Florensky alibaki, akafanya kazi ya umeme wa serikali na kanzu yake ya upadri mwilini. Nikiitazama ile picha nakumbuka siku ile uwanja wa ndege, wewe unakwenda Muscat na mimi… Basi, tuyaache.

Walimpiga risasi karibu na Leningrad tarehe 8 Desemba 1937. Jamaa zake wakapewa karatasi inayosema amekufa 1943. Kweli ilitoka 1989, na mwaka huo ndio mwani wa kulima ulioingia Paje na huku kwetu, mama akafunga kamba yake ya kwanza. Najua ni sadfa tu, lakini kila nikiingia majini inanirudia.

Ombi langu ni hili. Mjomba wako alisoma Leningrad. Barua za Solovki zimechapishwa kwa Kirusi, mimi nimepata vipande vya tafsiri tu, na mahali pa mwani vimekatwa. Anaweza kunisomea hizo kurasa kwa simu, hata moja kwa wiki? Nitaandika kwa Kiswahili, nimsomee mama jioni, na nakala nyingine nikuletee wewe.

Macho ya mjomba bado yanaona vizuri? Nimpigie moja kwa moja au umtangulizie neno? Je, alipokuwa kule aliwahi kulisikia jina la Florensky, au lilikuwa halitajwi? Na wewe, bado unasoma, au kazi haikupi nafasi? Mbona ile barua yangu ya Rajabu hukuijibu, kuna nililokosea? Utakuja Idi? Mama anasema ukija tutakwenda na wewe majini.

Akupendaye,
Mwanaidi