Siri ya ndoa ya gavana Houston na magrupu yetu ya WhatsApp

Mhariri,

Assalaam alaykum. Miye si mtu wa kuandika magazetini, nimesomesha historia skuli za huku Pemba miaka chungu nzima kisha chaki nikaiweka chini, lakini ile barua mloitoa ya kijana anaesema talaka ielezwe hadharani ili watu wajue nani mkosa, wallahi imenikera. Nivumilie nisimulie kisa cha mtu wa mbali kabisa, Mmarekani, gavana, tena Mkristo, asije mtu akasema namtetea mtu wa kwetu.

Mtoto wa dada yangu yuko Texas anaendesha malori. Siku moja kaniletea sauti, "Shikamoo mjomba, hebu mtizame huyu," na picha ya sanamu nyeupe ndefu ajabu kando ya barabara kuu karibu na Huntsville, futi 67. Sam Houston. Nikaionesha barazani, kijana mmoja akasema Houston si mji huo, mwengine akasema timu ya basketi, mzee alokaa sana Unguja ndo akakumbusha kituo cha Wamarekani cha Tunguu cha kufatilia vyombo vya angani, kile kiloondoshwa 1964 baada ya Mapinduzi, na kwamba Houston ndiko safari za mwezini zilikokuja kuongozwa. Mtu mwenyewe hakuna anaemjua. Haya.

Kazaliwa Virginia tarehe 2 Machi 1793, babake akafa yeye bado kijana, mama akabeba watoto wake wote akahamia nao Tennessee. Kaka zake wakamtia kazi dukani. Kazi ya duka hakuiweza, na akiwa na miaka 16 hivi akatoroka akenda kukaa na Wacherokee, wenyeji wa nchi ile, mkuu wao Oolooteka akamfanya mwanawe, akajua lugha yao, wakampa na jina, Kunguru. Kwetu jina hilo ungempa mtoto angekulaani maana kunguru hapa visiwani ni adui, keshatumalizia vifaranga, lakini kwa wenzetu lilikuwa jina la heshima. Akakaa nao miaka mitatu. Halafu jeshi, 1814 vitani akapigwa mshale wa paja na lile jeraha halikupona sawasawa mpaka anakufa, halafu uanasheria, halafu bunge la Marekani, na 1827 akawa gavana wa Tennessee.

Sasa hapa ndo pa kusikiliza. Januari 1829 gavana kaoa. Bibi harusi Eliza Allen, mtoto wa watu wenye nafasi zao pale Gallatin, miaka 19, na bwana yuko njiani kutimiza 36. Wiki kumi na moja baadae Eliza kafunga virago karudi kwao. Wiki kumi na moja mhariri, yani ndoa yenyewe fupi kuliko eda. Na uchaguzi uko mlangoni, gavana anataka kugombea tena, mji mzima wa Nashville hauna habari nyengine, kila mtu na lake, huyu anasema mwanamke alikuwa na mtu wake roho ilikokuwa, huyu anasema bwana ana wivu, huyu anasema ni lile jeraha.

Na Houston kafanya nini? Kanyamaza. Kwanza kamwandikia barua baba mkwe, na ndani yake anasema alimuona mke ni baridi kwake lakini hana shaka na heshima yake, anamsafisha, yani hata barua ya ugomvi kaitumia kumvua mwenzake lawama. Halafu tarehe 16 Aprili kajiuzulu ugavana, kaondoka Nashville. Aliishi miaka 34 mengine, akawa mtu mkubwa kuliko alivyokuwa, wakamuuliza rafiki, wakamuuliza maadui, watu wa magazeti wakamuandama, na sababu hakuitoa. Na Eliza nae hakuitoa. Watu wawili walogombana hawakukubaliana kitu ila hicho kimoja.

Simfanyi malaika, maana huko alikokwenda alikwenda kwa Wacherokee wake wa zamani, ambao wengine washahamia upande wa magharibi, na huko akanywa pombe mpaka wakambandika jina la Mlevi Mkubwa. Akaishi na mwanamke wa kule, Diana Rogers, kwa mila zao, na alipopata hamu ya Texas 1832 akamwacha hukohuko. Huyo Diana vitabu vinampitia juujuu tu na mimi naona kaonewa. Mwaka huohuo 1832 kamkuta mbunge mmoja mjini Washington alomtukana, akamtandika bakora barabarani, akapelekwa mbele ya bunge na baadae mahakama ikamtoza faini dola 500. Kwa hiyo asije mtu akadhani alinyamaza kwa upole wa tabia, mtu huyu mkono wake ulikuwa mwepesi, siri ya nyumba ndo alikuwa mzito nayo.

Mambo ya Texas nayapita, yameandikwa mpaka yamechosha: 21 Aprili 1836 vita vya San Jacinto, dakika 18 tu jeshi la Mexico likavunjika, yeye akapigwa risasi ya kifundo cha mguu, Texas ikawa nchi na yeye rais wake. Talaka yenyewe ya Eliza aliipata huko 1837 kwa hakimu.

Tarehe 9 Mei 1840 akaoa tena, Margaret Lea wa Marion, Alabama. Miaka 21, bwana 47. Na hapa miye mwalimu wa historia sijizuwii, maana siku hizohizo meli yetu ya Sultana, alotumwa nayo nahodha Ahmad bin Naaman na Sayyid Said, ilikuwa imefunga gati New York, imeingia tarehe 30 Aprili na karafuu na pembe na kahawa na tende, Wamarekani wanajaa bandarini kuwatizama Waarabu. Karafuu zetu ziko New York na gavana wa zamani yuko harusini Alabama. Nikilisomesha hili watoto walikuwa wanaamka hata kama ni piriodi ya mwisho.

Jamaa zake wakasema haitodumu hii. Imedumu miaka 23 mpaka kufa kwake, watoto wanane, wa kiume wanne na wa kike wanne. Huyu Margaret ndo alomwachisha pombe, bila makelele, mwanamke mcha Mungu wa Kibaptisti, mgonjwa wa kifua, asiependa siasa, na mumewe kila mwaka miezi kadhaa yuko Washington kwenye seneti kuanzia 1846, maana Texas ishaingia Marekani. Kule senetini, wenziwe wakihutubia, yeye kajifunga kizibao cha ngozi ya chui (Unguja wangesema huyu mfuga chui, na miye nisingebisha) anachonga vijiti kwa kisu, anafanya vimioyo vya mbao anawapa mabibi, na usiku anamuandikia mkewe barua. Novemba 1854 akabatizwa mtoni, na wanasimulia alipoambiwa dhambi zake zote zimeoshwa akasema basi Mungu awasaidie samaki wa huko chini. Mtu wa pwani angesema hivohivo.

1859 kachaguliwa gavana wa Texas, kwa hiyo ndo kawa gavana wa majimbo mawili. Mtoto wa mwisho, Temple, akazaliwa humohumo nyumba ya gavana Austin 1860. Halafu Texas ikajitenga na Marekani kwa ajili ya kulinda utumwa, na gavana akatakiwa ale kiapo kwa hiyo serikali mpya. Usiku mzima juu ghorofani anatembea huku na huku, Margaret chini anasikia hatua za miguu, asubuhi akashuka akamwambia mkewe hatoapa. Tarehe 16 Machi 1861 wakamuita jina lake, wakamuita tena, yeye kakaa vyumba vya chini vya jumba la serikali anachonga kijiti. Wakamtoa kitini. Na mwanawe mkubwa, Sam, ndo huyo kajiunga na jeshi la hao waliomtoa babake, akaumia vibaya vitani Shiloh 1862 na kutekwa. Nyumba moja, pande mbili. Pemba hatuhitaji kuelezwa hilo, tunajua ndugu wanavyokaa mkeka mmoja hawasalimiani kwa siasa.

Na msisahau kwamba yeye mwenyewe alikuwa na watumwa. Mmoja wao Joshua, mhunzi, alichukua jina la bwana kama walivyochukua wengi hata hapa kwetu, na inasimuliwa baada ya Houston kufa alimpelekea Margaret akiba yake, maana mjane hana kitu, Margaret akaikataa akamwambia isomeshee watoto wako. Akasomesha. Mwanawe Samuel akaja kufungua skuli ya watoto weusi karibu na Huntsville.

Houston kafa Huntsville 26 Julai 1863, na maneno ya mwisho ni Texas na Margaret. Margaret kamfata Disemba 1867, homa ya manjano, wakamzika harakaharaka kule mji wa Independence jirani na mamake, kwa hiyo mke na mume makaburi yako mbali. Mtoto mmoja, Andrew Jackson Houston, aliishi sana, 1941 akateuliwa seneta yuko miaka 86, akaapa Juni na kufa mwezi huohuo.

Sasa kwa nini nakuchosha na haya. Mwanangu wa kike kaachwa mwaka juzi. Talaka imekuja kwa simu, hiyo bado, maana kabla sijamaliza kuisoma jirani keshapiga hodi anatoa pole, kumbe imetiwa kwenye grupu la watu zaidi ya mia, na sababu zake zote chini, moja moja, mengine ya chumbani. Kuna watu nnakutana nao kwenye dala wanajua habari za mwanangu ambazo mimi babake sizijui wala sitaki kuzijua. Kijana wenu anasema hiyo ndo haki. Mkosa alikuwa nani? Kila mtu kwenye grupu kapata jibu lake na hakuna mawili yalofanana, sawasawa na Nashville 1829, ila Nashville mwenye maneno aliyameza.

Eliza nae baadae kaolewa na daktari, na inasemekana aliusia picha zake na karatasi zake zichomwe na kaburi lake lisiwekwe jina. Kafa 1861, mwaka uleule bwana wa mwanzo alipotolewa kitini Texas. Yule mtoto wa dada yangu kaniambia ana mzigo wa kupeleka Tennessee, atapita karibu na Gallatin, anauliza mjomba nikutafutie kaburi la yule bibi nikupigie picha? Nikamwambia apeleke mzigo wake arudi.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba