Kabla ya kununua katriji mpya ya pleya ya santuri, angalia mkono wake

Wenye pleya nzuri za santuri hutuuliza kuhusu katriji, kile kifaa kidogo chenye sindano kinachofungwa kwenye ncha ya mkono wa pleya: "Kwa hela niliyo nayo, katriji gani ndiyo bora?" Jibu letu huwaudhi baadhi yao, maana badala ya kutaja jina tunauliza na sisi: mkono wa pleya yako ni upi, na amplifaya ya fono (inayokuza umeme mdogo wa katriji) ni ipi? Katriji nyingi zinazosemwa kuwa mbovu ni nzima kabisa. Zimefungwa tu kwenye mkono usiozifaa.

Sindano inakaa kwenye ncha ya kijiti chembamba, na mzizi wa kijiti hicho umeshikwa na mpira unaofanya kazi ya springi. Juu ya springi hiyo kuna uzito: mkono, katriji yenyewe na skrubu zake. Springi na uzito vikikutana lazima viwe na mtikisiko wao wa asili, na mtikisiko huo tunautaka uwe kati ya hezi (mitikisiko kwa sekunde) 8 na 12. Ukishuka chini ya hapo, unachochewa na santuri zilizopinda, ambazo mawimbi yake mengi hayafiki hezi 7. Ukipanda mno, unasogelea besi ya muziki.

Hesabu yake si ngumu. Chukua uzito wote kwa gramu, uzidishe kwa unyumbufu wa katriji (ulaini wa springi yake) ulioandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji, utafute kipeuo cha pili, kisha ugawe 159 kwa jibu hilo. Tuseme mkono una uzito tendaji (uzito ambao sindano inausikia ikitikisika) wa gramu 11, katriji gramu 8 na skrubu gramu 1: jumla 20. Katriji yenye unyumbufu wa 12 inakupa takriban hezi 10, mahali pazuri sana. Weka hapohapo katriji yenye unyumbufu wa 30 na unaangukia hezi 6.5. Sasa una gari la springi laini lililobebeshwa shehena: koni za spika za besi zinapwaya mbele na nyuma bila sauti yoyote, na kila santuri iliyopinda kidogo inairusha sindano. Hata ungelipa mara tatu, tatizo hilo halitaondoka.

Kuna mtego mmoja hapa. Watengenezaji kadhaa wa Japani hupima unyumbufu kwa hezi 100, wakati hesabu hii inataka kipimo cha hezi 10. Namba yao huonekana ndogo kuliko ilivyo. Kwa makadirio, izidishe kwa 1.7 hadi 2. Denon DL-103, ambayo imekuwepo tangu miaka ya 1960, imeandikwa 5 kwa kipimo hicho. Hata ukiizidisha inabaki ngumu, ndiyo maana wanaoifahamu huifunga kwenye mikono mizito.

Upande wa umeme tupite haraka. Katriji za MM, ambazo sumaku ndiyo inayotikisika, kwa kawaida hutoa milivolti 3 hadi 5. Zile za MC, ambazo koili ndizo zinazotikisika, nyingi hutoa 0.2 hadi 0.5 tu. Ya kwanza inatosheka na ukuzaji wa desibeli 40 hivi, ya pili inahitaji karibu 60. Ukiichomeka MC kwenye njia ya MM utaongeza sauti mpaka mwisho na utakachosikia zaidi ni mvumo. Transfoma ya uwiano wa 1 kwa 10 inaweza kukuvusha, ila iingize kwenye bajeti tangu mwanzo. Kuhusu mzigo, yaani ukinzani ambao amplifaya ya fono inaiwekea katriji, MM hutaka kilo-omu 47. Kwa MC anza na mara kumi ya omu za koili zake, kisha sikiliza.

Tunaona watu wanabishana sana kuhusu MM na MC huku wakisahau umbo la ncha ya almasi, ambalo kwetu lina uzito zaidi. Santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika hupita chini ya sindano kwa sentimita 51 hivi kwa sekunde pale mwanzo wa upande, na karibu 21 tu kuelekea lebo. Wimbi lilelile la sauti nyembamba linabanwa katika nafasi isiyofika nusu. Ncha ya mviringo haiwezi kuingia kwenye mikunjo midogo namna hiyo, na hapo ndipo herufi "s" za mwimbaji zinapogeuka mikwaruzo kwenye wimbo wa mwisho. Ncha ya Shibata, iliyobuniwa Japani kwa ajili ya santuri za njia nne za sauti (badala ya mbili za stereo) za miaka ya 1970, na zile za aina ya maikrolaini, hugusa kuta za mfuo (mtaro wa santuri unaopitiwa na sindano) kwa ukingo mwembamba na mrefu, hivyo huyasoma mawimbi hayo vizuri zaidi. Lakini hazisamehe ufungaji wa ovyo: pembe ikikosewa kidogo, faida yote inapotea.

Kwa hiyo wakati mwingine huhitaji katriji mpya. Mwenye Ortofon 2M Red anaweza kuchomeka sindano ya 2M Blue kwenye mwili uleule. Mwenye Audio-Technica ya familia ya VM95 anaweza kupanda hadi sindano ya maikrolaini au Shibata bila kufungua skrubu hata moja. Kwa biashara yetu ni mauzo madogo, lakini tunayapendekeza bila kusita. MC nyingi hazina njia hiyo: sindano ikiisha, unairudisha kwa mtengenezaji au kwa fundi.

Tafadhali usipunguze uzito ambao sindano inaikandamiza nao santuri ukidhani unailinda. Sindano inayokandamiza kidogo mno hurukaruka ndani ya mfuo na kuuchimba. Fuata kiwango cha mtengenezaji, na upime kwa mizani ndogo ya kidijitali.

Ukituandikia, taja modeli ya mkono, amplifaya ya fono, katriji uliyo nayo sasa, na makadirio ya saa ambazo sindano yake imetumika. Hiyo ya mwisho usiiruke. Kama imekaribia saa 1,000, tutakushauri kwanza ujaribu sindano mpya ya aina ileile, ujue katriji yako ya zamani inasikikaje ikiwa nzima.