Kuhusu Kura Uliyoiita Kazi Bure

Nairobi

Mpendwa Baba Salome,

Salamu nyingi kutoka Buruburu. Sisi hatujambo, mama watoto anawasalimu nyote, na jirani wa lango la pili angali anaulizia ngazi yake uliyohama nayo. Nimekawia kukujibu kwa sababu ujumbe wako uliniudhi, na sikupenda kukuandikia nikiwa na hasira.

Umesema kwamba Seneta Mitt Romney wa Marekani, wa chama kilekile cha Republican cha Rais Donald Trump, alikuwa akijionyesha tu alipopiga kura ya kumtia hatiani Trump katika kesi ya Seneti ya kumwondoa madarakani tarehe 5 Februari 2020, kwa kuwa kila mtu alijua Rais hatang'oka. Hesabu yako siipingi. Shtaka la matumizi mabaya ya mamlaka lilipata kura 48 dhidi ya 52, ilhali ilihitajika theluthi mbili; hata wangejitokeza Warepublican wengine kumi wa kumuunga mkono Romney, Trump angebaki Ikulu. Ila umeruka jambo moja, nami nashuku umeliruka makusudi. Siku hiyohiyo kulikuwa na shtaka la pili, la kulizuia Bunge kufanya kazi yake, na kwa hilo Romney alisema Rais hana hatia, kwa kuwa aliona Baraza la Wawakilishi halikuwa limemaliza njia za kisheria za kupata ushahidi. Mtafuta sifa angehangaika hivyo kweli? Si angemtia hatiani kwa yote mawili akapigiwa makofi na upinzani! Huyu alikuwa amepeperusha bendera ya Republican katika uchaguzi wa urais wa 2012, na kabla yake hapakuwa na seneta wa Marekani aliyewahi kupiga kura ya kumwondoa rais wa chama chake mwenyewe. Alisema alikuwa ameapa mbele ya Mungu kutenda haki bila upendeleo. Unaweza kuucheka uchaji huo, lakini alisoma kila shtaka peke yake, na hilo ndilo ninalolitetea.

Sasa tazama kwetu. Hoja ya kumbandua Naibu Rais Rigathi Gachagua ilipofika Bungeni Oktoba 2024, wabunge 291 walikuwa wameshaitia sahihi, ingawa Katiba inataka theluthi moja tu, yaani 117, ili hoja iwasilishwe. Najua utanijibu kwamba sahihi ni ya kuruhusu mjadala na wala si kura. Vizuri, lakini hoja ilipita kwa kura 281 dhidi ya 44, na theluthi mbili ni 233, kwa hiyo mshtakiwa alisimama kujitetea mbele ya watu ambao wengi wao walikuwa wameshaonyesha msimamo. Yule mbunge aliyekuja kwenye mazishi kwa shemeji yangu, Mama Pendo alipomuuliza atapiga kura vipi, alijibu huku akitafuna nyama kwamba anasubiri mawasiliano. Mawasiliano kutoka kwa nani? Basi, nisiseme mengi.

Maseneta nawapa heko kidogo, hata kama matokeo yalikukera. Mashtaka yalikuwa 11, wao wakakubali matano na kukataa sita. Kwa kuwa shtaka moja likikubaliwa linatosha kumwondoa mtu ofisini, wangeweza kuyapitisha yote kwa mkupuo na kwenda kulala, lakini walau waliyachambua. Tulikuwa tukitazama pale kwa Msomali, na la kwanza lilipopita watu waliomba bili, kana kwamba yaliyosalia hayakuwa na maana. Mimi nilibaki kwa sababu ya hayo yaliyosalia. Utaratibu huo wa Kifungu cha 145 cha Katiba ndio utakaotumika siku rais mwenyewe atakapofikishwa hapo, na nahofu siku hiyo kiranja wa chama atakuwa amemaliza kazi kabla ya karani kusoma shtaka la kwanza.

Ndiyo maana nina ombi. Kikundi chetu cha Jumamosi kitajadili iwapo mbunge afuate kiapo au chama katika kura ya kumbandua rais. Mimi nimepewa upande wa kiapo, na upande wa chama hauna msemaji wa maana. Mwalimu amejitolea, lakini unamfahamu, atamaliza muda wote kwenye utangulizi. Njoo uuseme wewe, na uje na ile nakala yako ya Katiba yenye alama za kalamu ya risasi.

Je, unaamini kwa dhati kwamba waliomchagua mbunge kwa tikiti ya chama wamemfunga hata katika kesi kama hii? Kama kura ya Romney ilikuwa ya maonyesho, zile za Warepublican saba waliomtia Trump hatiani Februari 2021, akiwa ameshaondoka Ikulu, utaziitaje? Ungekuwa wewe mbunge, ungetia sahihi kabla ya kumsikiliza mshtakiwa? Na nauli je, nikutumie, au utapanda gari la shemeji yako? Nijibu kabla ya Ijumaa, maana mwenyekiti anataka majina ya wasemaji, na jirani anataka ngazi.

Wako,
Baba Tumaini