Nitafutie faneli, shoga yangu

Chake Chake, Jumatano usiku

Zuhura shoga yangu, Assalaam alaykum,

Sie wazima, Alhamdulillah. Mama anakusalimia, anauliza zile karafuu zilifika? Nisamehe kimya. Tangu nirudi skuli ni kunyonyesha na kukamua tu, na leo nakuandikia kwa shida.

Naomba unitafutie faneli ya pampu ya maziwa, ile koni ya plastiki inayokaa juu ya ziwa. Nataka ya milimita 21. Iliyokuja na pampu ni 24, nimeumia nayo wiki tatu nikidhani ndivyo ilivyo. Weusi wote ukivutwa ndani, chuchu inatoka imevimba, na nusu saa nzima, pande zote mbili, napata mililita 60. Nililia mle stoo ya vitabu. Nilijua ndiyo yanakauka.

Mama akanipikia uji wa pilipili manga na supu ya pweza, nikanywa vyote, vinatia nguvu. Ila aliyenisaidia ni Bi Saumu. Alinipima chuchu kwa rula, milimita 17, akasema faneli iizidi kidogo tu, chuchu iende na kurudi bila kusuguka. Akaniuliza nakamua mara ngapi. Mara moja, nikamwambia. Akashika kichwa! Ziwa likikaa limejaa hupunguza kutengeneza, kwa hiyo kama mtoto hunyonya kila baada ya saa tatu, nami nikamue hivyo hivyo. Sasa nakamua saa nne na saa saba. Nalikanda kwanza, na pampu ikimaliza namalizia kwa mkono. Usiku namnyonyesha kila anapotaka, maana ndipo homoni ya maziwa inapopanda zaidi. Jana saa nne nimepata 110, na ni kwa faneli hii hii inayoniumiza.

Mwanaidi alitaka kunipa pampu yake, nikakataa. Zile ambazo maziwa yanaweza kuingia hadi kwenye mota haziazimani.

Basi ukipita Darajani, chukua na vile vimpira vyeupe vya vali, changu kimelegea na mvuto umepungua. Picha ya pampu nimekutumia, muoneshe muuzaji, faneli za kampuni moja mara nyingi haziingii kwenye nyingine. Na ukiona pampu ya mkono niulizie bei, wiki iliyopita umeme ulikatika na yangu haikuwa na chaji. Maziwa nayaweka kibokisini na chupa mbili za maji yaliyoganda, kwa joto hili siyaachi mezani.

Na wewe, likizo inaisha lini? Umeshajipima? Usingoje mpaka uumie kama mimi. Huko kazini kuna chumba cha kufunga mlango? Khamis kasemaje kuhusu kiwanja? Na nani anakuja na boti Jumamosi, nimpokee Mkoani?

Wako,
Asha