Mpwa wangu, anza na kiti

Marahaba, mpwa wangu.

Picha ya drams zako imenifikia. Nimeikuza kwenye simu nikaikagua stendi moja baada ya nyingine, na furaha niliyonayo siwezi kuificha. Umeniuliza uanze na wimbo gani. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua wapo wengine waliofungua maboksi juzi na swali lao ni hilohilo. Usianze na wimbo. Anza na kiti.

Toa kila kitu pembeni, hata hayo matoazi uliyoyapanga kwa mstari. Tandika zulia, weka kiti katikati, kaa, kisha chezesha miguu kama mtu anayesikiliza muziki anaoupenda. Pale nyayo zinapotua zenyewe ndipo pedali zinapokaa. Kiti kiwe juu kiasi kwamba mapaja yanateremka kidogo kuelekea magotini. Nakusisitizia hili kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza wote nilikalia kiti cha chini, kila mazoezi yakiisha nainuka nimeshika kiuno, nikaamini kwamba drams ndivyo zilivyo. Nilipopandisha kiti, maumivu yaliisha na mguu wa besi, ile ngoma kubwa inayopigwa kwa pedali, ukawa mwepesi.

Baada ya pedali ya besi na ya haihati (matoazi mawili yanayogonganishwa kwa mguu), weka sneya, ngoma fupi yenye nyaya chini yake, katikati ya magoti, juu kidogo ya mapaja, ili fimbo isikugonge miguuni. Tomu, zile ngoma nyingine zisizo na nyaya, zifuate, na matoazi yaje mwisho. Kwenye picha yako tomu zimeinamishwa mno kukuelekea. Ukipiga hivyo, ncha ya fimbo inachimba ngozi na kuiachia vishimo. Zilaze kidogo, fimbo itue ubapa. Toazi la krashi, lile la mlio mkubwa wa ghafla, nalo liko mbali. Naona utalifikia kwa kunyanyua makalio. Lisogeze. Kitu chochote unachokifuata kwa kiwiliwili kizima, kilete kwako.

Kwani drams zenyewe zilizaliwa hivyo, kwa kusogezwa. Zamani kwenye bendi za matarumbeta besi ilikuwa na mtu wake, sneya na wake, matoazi na wake. Pedali ndiyo iliyompa mtu mmoja aliyekaa kazi ya watu watatu. Zilikuwapo za aina mbalimbali, lakini ile ambayo William F. Ludwig na mdogo wake walianzisha nayo kampuni mjini Chicago mwaka 1909 iliweza kwenda na kasi ya muziki wa siku zile. Haihati ndiyo kisa ninachokipenda zaidi. Mwanzoni matoazi yale mawili yalikuwa chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu, yanagonganishwa kwa pedali tu. Kwenye miaka ya 1920 nguzo yake ikarefushwa, yakapanda mpaka fimbo ikayafikia. Sauti ile ya tss-tss unayoisikia kwenye kila wimbo imetokana na kupandisha bomba la chuma!

Sasa tuje kwenye kutyuni, yaani kurekebisha sauti ya ngoma, na hapa usiwe na haraka. Nyuso za ngoma tunaziita ngozi ingawa tangu Remo Belli alipoanza kuuza za plastiki mwaka 1957 wengi wetu hatujawahi kugusa ya ndama. Ile ya ndama ililegea hewa ikiwa na unyevu na kukaza hewa ikikauka, mpigaji akawa mtumwa wa hali ya hewa. Yako itatulia ukiitendea haki. Kaza bolti zote kwa vidole mpaka zishike. Kisha chukua ufunguo, zungusha nusu mzunguko, nenda kwenye bolti iliyo mkabala, si ya jirani, na uendelee hivyo kwa kuvuka. Ukikaza za jirani kwa jirani, ngozi inavutika upande mmoja. Halafu gonga taratibu kwa fimbo karibu na kila bolti, kama sentimita 3 kutoka ukingoni, usikilize. Yenye sauti ya chini ikaze, yenye sauti ya juu ilegeze, hadi zote ziimbe sauti moja. Geuza, ufanye vivyo hivyo ngozi ya chini. Tomu iliyotyuniwa vizuri inaondoka na sauti ndefu, ya mviringo, na ukiisikia mara ya kwanza utaacha kila kitu uipige tena na tena. Mimi bado naacha.

Utasikia nyaya za sneya zikitetema kila ukipiga tomu. Usiogope wala usizibane kwa karatasi. Sneya inaitikia jirani yake, na seti nzima ikipigwa mtetemo huo unamezwa.

Nati za matoazi usizikaze. Toazi linatakiwa kuyumba. Likibanwa linapasuka siku moja bila kukuaga. Na vaa viziba masikio kila unapokaa kwenye kiti hicho. Saa 8 za kelele ya desibeli 85 ndizo wataalamu wa afya kazini wanazozihesabu kuwa kikomo, na drams kwenye chumba huvuka 100 bila shida. Masikio yakishaharibika hayatyuniwi.

Ukimaliza yote hayo, ndipo upige. Hesabu “moja na mbili na tatu na nne na”: haihati kwenye kila neno, mara nane sawasawa, besi kwenye moja na tatu, sneya kwenye mbili na nne, metronomu (kifaa cha kugonga mapigo) ikiwa 60 kwa dakika. Utaona ni polepole mno. Kaa humohumo dakika kumi, usiongeze pambo lolote, usikilize kama besi na haihati zinatua pamoja au moja inaitangulia nyingine kwa unywele. Siku zitakapotua pamoja utahisi kifuani kabla ya kusikia.

Kesho nitumie picha nyingine. Safari hii usipige picha ya drams peke yake. Kaa kwenye kiti, fimbo mkononi, mguu juu ya pedali, na mtu akupige picha kutoka ubavuni. Nataka kuona magoti.

Shangazi yako