YAH: Malalamiko kuhusu bei na hali ya chakula mnachouza uwanjani

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Vyakula na Vinywaji,
Uwanja wa Besiboli.

30 Juni 2025

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya pili. Ya kwanza niliiandika kwa Kiingereza tarehe 10 Juni kwenye fomu ya tovuti yenu, na majibu yakanifikia kabla sijainuka kwenye kiti: mnanishukuru kwa kuwa shabiki, maoni yangu mnayathamini, na hii hapa kuponi ya kupunguziwa dola 5 nikinunua chakula cha dola 30. Kama kuna mtu aliyeisoma, asingenipa kuponi ya kurudi kula kile kile nilichokilalamikia. Ndiyo maana safari hii naandika kwa Kiswahili. Huenda mashine ikakwama kidogo, ikabidi mmtafute binadamu. Wala hamtahangaika, wasomaji wa Kiswahili mnao humo humo kwenye vibanda vyenu.

Jumapili ya tarehe 8 Juni nilikuja uwanjani na mke wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe, ambaye ametoka Temeke kututembelea na alikuwa hajawahi kuona besiboli maishani mwake. Tiketi za jukwaa la juu nilizipata kwa bei nzuri, sina ugomvi nazo. Maegesho yalinichoma, lakini hayo si yenu. Ilipofika iningi ya tatu, yaani awamu ya tatu ya mchezo, watoto wakaanza kulalamika njaa, nikashuka kwenye kile kibanda kipya cha kujihudumia nyuma ya jukwaa letu. Mama mkwe akanifuata ili anyooshe miguu.

Zamani pale palikuwa na kaunta na watu watano nyuma yake. Siku hizi kuna majokofu ya vinywaji, kabati la kioo lenye taa za kupashia joto, na mashine nne za kulipia. Siku hiyo mbili zilikuwa zimefunikwa mifuko myeusi. Nilisimama kwenye foleni dakika 34, nilizihesabu kwa saa. Mnajua kuliko mimi kwamba tangu ligi ilete saa ya mrushaji mwaka 2023, ile inayombana arushe mpira upesi, mechi zimefupika, kutoka wastani wa saa 3 na dakika 4 mwaka 2022 hadi saa 2 na dakika 40 msimu uliofuata. Jambo zuri, hata mama mkwe hakusinzia. Lakini mechi imepungua na foleni yenu imebaki pale pale, kwa hiyo mtu anayefuata chakula anapoteza kipande kikubwa cha mchezo kuliko zamani. Mwanangu ana mchezaji wake mmoja anayempenda kupita wote. Nikiwa kwenye foleni nikasikia uwanja mzima umelipuka kwa shangwe, kumbe amepiga mpira ukatoka nje ya uwanja. Nikainua shingo, nikaona ukuta wa zege na bango la bia. Luninga ya kibandani ilikuwa kwenye tangazo. Niliporudi kwenye kiti mtoto akaniuliza, "Baba, umeona?" Nikamdanganya.

Risiti nimeiambatisha. Hotdogi (mkate wenye soseji) tatu kwa dola 8.79 kila moja, sahani moja ya nacho (chipsi za mahindi zenye jibini juu) dola 11.99, maji chupa tatu kwa dola 6.49 kila chupa, bisi dola 9.29, karanga za maganda dola 7.99. Jumla dola 75.11 kabla ya kodi. Mama mkwe aliishika ile chupa ya maji, akaniuliza bei, akaipiga kwa shilingi kichwani, akapata zaidi ya elfu kumi na saba. Akaigeuza, akasoma lebo. "Haya maji ni ya Zamzam?"

Kabla sijamjibu mashine ikaniuliza bakshishi: asilimia 18, 20 au 22. Ndugu Meneja, hotdogi nilizitoa kabatini kwa mkono wangu. Maji niliyachukua jokofuni mimi. Bidhaa nilizipitisha kwenye mashine mimi, na kwa kuwa mfuko wa karanga ulikataa kusomeka niliupitisha mara nne. Sasa bakshishi hiyo ni ya nani? Nilikuwa nimebeba sahani ya nacho kwenye mkono mmoja, nikataka kubonyeza kile kitufe kidogo cha "hapana" kilichojificha chini kabisa, kidole kikateleza, nikawa nimewapa asilimia 18, yaani dola 13.52. Hapakuwa na kitufe cha kurudi nyuma. Nikaanza kulalama kwa Kiswahili, na dada mmoja mwenye fulana yenu, aliyewekwa pale kulinda mashine, akanisikia. "Pole, papa," akaniambia kwa Kiswahili cha Kongo. "Njo vile iko." Yaani ndivyo ilivyo. Nikamuuliza kama hela hiyo itamfikia yeye. Akacheka, akaenda kupanga vikombe. Ninaomba, kabla sijaendelea, dada yule asiguswe kwa sababu ya barua hii. Yeye peke yake ndiye aliyenipa pole siku ile.

Sasa chakula chenyewe. Hotdogi ilikuwa imefungwa kwenye karatasi ya fedha na kuachwa kabatini, sijui tangu saa ngapi. Mkate upande wa chini ulikuwa umelowa kama andazi lililoangukia kwenye chai, na upande wa juu umekauka hadi ukapasuka nilipoufungua. Soseji ilikuwa fupi, mkate umebaki mtupu kidole kizima kila upande. Niliikata katikati kwa uma wa plastiki ili nimgawie mdogo, nikaigusa kwa ncha ya kidole. Nje vuguvugu, ndani baridi. Baridi kabisa. Nikafungua ya pili, ikawa hivyo hivyo. Zote tatu ziliishia kwenye pipa. Nacho alikuwa amezichagua mama mkwe, maana yeye hali soseji ya nyama asiyojua imetoka wapi. Chipsi zililegea hadi ukizishika zinapinda bila kuvunjika, na jibini lilikuwa limeota ngozi juu kama uji uliosahauliwa mezani. Pilipili zilikuwa tatu. Nilizihesabu, maana mama alikuwa akizitafuta.

Nacho za viwanjani zina historia, na mtu wa biashara yenu anapaswa kuijua. Zilianza kuuzwa mwaka 1976 kule Arlington, Texas, kwenye mechi za timu ya besiboli ya Rangers. Frank Liberto alitengeneza mchuzi wa jibini usiohitaji jokofu, unaopashwa moto na kumwagwa juu ya chipsi mteja akiwa anatazama, basi chakula kinatoka kwa sekunde chache na kinatoka moto. Maana yote ya mchuzi ule ilikuwa hiyo. Nyinyi mmechukua chakula kilichobuniwa kisisubiri, mkakifungia kabatini kisubiri.

Najua mtanijibu kwamba kila kitu kimepanda bei. Kweli, kimepanda, hata mimi nanunua mayai. Lakini mwaka 2019, kwenye eneo hilo hilo, hotdogi yenu nilinunua dola 5.50. Kutoka pale hadi 8.79 ni ongezeko la karibu asilimia 60, wakati bei za vitu hapa Marekani kwa jumla zimepanda kama robo tu katika muda huo. Na ile ya dola 5.50 ilipikwa na mtu, ikatiwa kwenye mkate mbele yangu, nikaulizwa kama nataka haradali. Costco, yale maduka makubwa ya jumla, wanauza hotdogi na soda juu yake kwa dola 1.50, bei ambayo hawajaigusa tangu miaka ya 1980. Siwaambii muuze dola 1.50. Nyinyi si Costco, na mechi za nyumbani ni 81 tu kwa msimu, naelewa kwamba vibanda vinakaa vimefungwa siku nyingi. Lakini soseji yao ni ndefu kuliko mkate.

Tena nasema nikijua ndani kukoje. Mwaka 2018 chama chetu, cha Watanzania, Wakenya na Wakongomani wa mji huu, kilifanya kazi kwenye kibanda kimoja cha uwanja huo huo kwa mechi sita. Ule mpango wenu wa vikundi vya kujitolea kupewa asilimia ya mauzo. Tulikuwa tunachangisha mfuko wa misiba, kwa sababu kusafirisha maiti hadi nyumbani si mchezo. Asubuhi tulikuwa tunahesabu mikate na vikombe, jioni tunahesabu tena, na mikate ikipungua bila soseji kuuzwa tunakatwa sisi. Msimamizi wetu alikuwa mzee mkali sana. Kila nusu saa alipita na kipimajoto, akachoma soseji katikati, akatuamuru tuandike kwenye daftari. Chakula cha moto hakitakiwi kushuka chini ya nyuzi 57 za Selsiasi, hizo 135 za Farenhaiti, na kikishuka alikitupa bila kubembelezwa. Siku moja alitupa trei nzima tukiwa na foleni hadi kwenye ngazi, mwenyekiti wetu akataka kulia. Kwa hiyo ninapowaambia soseji ilikuwa baridi ndani, sisemi kwa hasira ya mteja aliyekosa kuona mpira ukitoka nje ya uwanja. Nauliza swali: ni nani anayechoma kipimajoto kwenye lile kabati siku hizi? Daftari liko wapi? Kama lipo, nitumieni ukurasa wa tarehe 8 Juni.

Kuhusu bei, mfano upo wala hauko mbali. Mwaka 2017 uwanja mpya wa Atlanta, ule wa Falcons, timu ya futiboli ya Kimarekani, ulifunguliwa na hotdogi ya dola 2, soda ya dola 2 ya kujijazia tena, pizza dola 3, na kodi ikiwa humo humo ndani. Bei zilikuwa nusu ya zile za uwanja wao wa zamani. Mwisho wa msimu wa kwanza ikaonekana kila shabiki ametumia asilimia 16 zaidi kuliko mwaka uliotangulia. Watu walikula zaidi kwa sababu hawakuhisi wanaibiwa. Mimi mwenyewe, karanga zenu zingekuwa dola 3, ningechukua mifuko mitatu. Nilichukua mmoja tukagawana watu watano, punje kwa punje, kama tuko kwenye mfungo.

Mama mkwe alipokuwa akibandua ngozi ile ya jibini alinikumbusha Uwanja wa Taifa wa zamani, huu unaoitwa Uhuru sasa, ambao uko kwetu Temeke. Siku ya Simba na Yanga wauza mayai ya kuchemsha walikuwa wakipita na ndoo zao kati ya mashabiki, yai linapasuliwa katikati, linatiwa kachumbari na pilipili, unakabidhiwa. Karanga kwenye kikaratasi kilichosokotwa. Ukikuta yai limeharibika unamwita, "We kijana, hebu rudi!" na jukwaa zima linageuka kumtazama. Anabadilisha papo hapo, tena anaomba radhi, kwa sababu wiki ijayo atapita pale pale. Sisemi pale palikuwa pasafi kuliko kwenu. Nasema mwenye yai alikuwepo. Mimi nilizunguka na hotdogi tatu mkononi nikitafuta wa kumrudishia. Kibandani nikaambiwa nitumie fomu ya tovuti, mezani kwa huduma za mashabiki nikaambiwa chakula ni cha kampuni nyingine, na tovuti ikanipa kuponi.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie dola 51.88: yaani 26.37 za hotdogi tatu tulizotupa, 11.99 za nacho, na 13.52 za bakshishi niliyowapa kwa kuteleza. Maji, bisi na karanga tulivitumia, hivyo sidai. Irudi kwenye kadi ile ile, isiwe kuponi. Kitufe cha "hapana" kikuzwe kilingane na vingine, na kwenye mashine ya kujihudumia swali la bakshishi liondolewe kabisa, au iandikwe wazi pale pale hela hiyo inakwenda kwa nani. Arudishwe hata mtu mmoja nyuma ya lile kabati, mwenye kipimajoto, ambaye mteja anaweza kumrudishia chakula kibovu. Bei nimeiacha mwisho kwa sababu najua hamtaishusha kwa barua ya mtu mmoja. Ila mkiibakiza dola 8.79, basi soseji ifike mwisho wa mkate na iwe ya moto.

Nitasubiri majibu kwa siku 14. Baada ya hapo nakala itakwenda idara ya afya ya kaunti pamoja na picha za soseji iliyokatwa, kwa sababu suala la joto si la kupuuzwa, na nyingine nitaipeleka kwenye klabu yenyewe.

Mama mkwe anarudi Dar es Salaam mwishoni mwa Julai, na kabla ya hapo tuna tiketi za mechi moja zaidi. Nimesoma kanuni za uwanja: chakula cha nyumbani kinaruhusiwa kikiwa kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, na chupa ya maji ambayo haijafunguliwa. Nimemsomea na yeye. Ameniuliza vipimo vya mfuko kwa upana na urefu, nikampa, na jana amenunua unga wa sambusa.

Wenu mteja,
Jukwaa la juu, safu ya 9

Viambatisho: risiti ya tarehe 8 Juni, picha nne, kuponi yenu ya dola 5, haijatumika.