Gari inakunywa maji? Kabla ya kufungua hedi pekua na chini ya kapeti

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Wiki iliyopita jamaa wa Sakina, Arusha aliandika kwamba gari yake ya zamani inakunywa maji kila siku na chini haoni hata tone, na msomaji mwingine akamjibu chap chap kwamba hiyo ni hedi gasketi tu (ile sili ya kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloki), afungue injini asipoteze muda. Mi niliposoma hilo jibu nikasema hapana jamani, huyu ndugu asije akaingia mkenge niliotaka kuingia mimi, maana ilibaki kidogo tu nitoe 600,000 kufungua injini ambayo haina tatizo lolote.

Niko Pasua hapa Moshi, gari yangu ni Toyota Carina Ti ya 1998. Shida ilianza mwezi wa 12, zile siku watu wa Dar wamejaa mjini na kila jioni kuna sherehe huko juu. Geji ya joto haikupanda hata siku moja, ila asubuhi nikifungua rejeta, kile kipoza maji cha mbele, maji yameshuka, naongeza, kesho tena. Nikachukua markapeni nikaweka alama kwenye chupa ya akiba, nikawa naandika kila ninachoongeza, ndani ya wiki ikafika kama lita moja. Sasa lita moja haipotei hivi hivi. Maji ya gari yanazunguka humo humo, mfumo umefungwa, ukiwa mzima unakaa miezi bila kuongeza kitu.

Na hiyo chupa nayo inadanganya watu. Inaweza kuwa imejaa kabisa na rejeta imekauka, kwa sababu injini ikipoa rejeta inatakiwa ivute maji kutoka kwenye chupa kupitia kivalvu kidogo kilicho kwenye mfuniko, kikifa hicho au kale kampira kakipasuka inavuta hewa. Kwa hiyo angalia rejeta yenyewe, asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Ukifungua ya moto utaungua uso, sitanii.

Fundi wa kwanza hakugusa kitu, alinusa eksozi akasema "Mangi, hedi gasketi imekwenda hiyo, lete laki sita." Wa pili akataka tutoe themostati, kale kavalvu kanakofungulia maji yakipata moto yaende kwenye rejeta, ati Afrika kuna joto haina kazi. Huu ndio ugonjwa unaoniudhi kuliko yote. Themostati inafunguka kwenye nyuzi kama 82, na kwenye injini nyingi za Toyota kama hii yangu ikifunguka njia ya rejeta inaziba pia njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini, sasa ukiitoa sehemu ya maji ya moto inajizungukia humo bila kupita kwenye rejeta, unapanda Machame na watu watano unachemsha kwa kitu ulichoambiwa kinapunguza joto. Na ukishuka injini haifiki moto wake, mafuta yanaenda. Kijana mwingine hapo hapo gereji akasema niweke bizari kwenye rejeta itaziba. Nikamuuliza kwani tunapika pilau.

Sikatai kwamba gasketi huwa inaungua, ila ina alama zake. Oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Moshi mweupe unaendelea hata gari ikishapata moto (ule wa asubuhi ya baridi ni mvuke tu, usikutishe). Mpira wa juu wa rejeta asubuhi kabla hujawasha unakuta mgumu kama jiwe. Ukitoa plagi unakuta moja nyeupe safi kama imeoshwa na wenzake wana rangi ya udongo. Mapovu kwenye rejeta yasiyoisha nayo ni alama, lakini hapo usiwe na haraka, kama umetoka kujaza maji upya inaweza kuwa ni hewa imebaki ndani, washa hita weka ya moto, acha injini iungurume mpaka feni iwake, ujaze tena. Kuna na dawa ya bluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta, injini ya petroli ikiwa inavujisha moshi kwenye maji ile bluu inageuka njano. Mimi sikuwa na hata alama moja kati ya hizo.

Aliyenitoa ni kijana mmoja huku Njoro, ana pampu ya mkono yenye geji, unaifunga pale panapokaa mfuniko. Alisoma mfuniko wangu umeandikwa 0.9, ndiyo presha unayohimili, akapampu mpaka hapo injini ikiwa imezimwa na imepoa, akakaa kwenye kopo anaangalia mshale. Mshale ukaanza kushuka taratibu. Akapita na tochi kwenye mipira yote, klipu zote, kile kitundu cha chini ya wota pampu (pampu inayozungusha maji) ambacho sili ikianza kufa kinalia machozi kinaacha michirizi yenye rangi, akaangalia maungio ya rejeta, pakavu kote. Akapampu tena. Halafu akavua kandambili, akaingia ndani ya gari upande wa abiria, akaingiza mkono chini ya kapeti mpaka kwenye kiwiko. Akautoa umelowa, akausugua kwa vidole, akanionyesha. Maji ya kijani, yanateleza.

Hapo nilicheka mwenyewe, maana mama watoto alikuwa ananiambia tangu Krismasi kwamba miguu yake inaloa, na kioo cha mbele kinaweka ukungu hata hakuna baridi, na ndani kuna harufu tamu tamu. Mi nikajua ni mbege, pombe yetu ya ndizi! Tulikuwa tumebeba ndoo kutoka kwenye arusi Kibosho na kweli ilimwagika kidogo kwenye kona. Kumbe ni kulanti (ile dawa inayochanganywa kwenye maji ya rejeta), ni hita iliyo ndani ya dashibodi imetoboka. Wengi wetu hatukumbuki kama gari ina hita, lakini maji ya injini yanapita humo, ni kama karejeta kadogo. Maji ya AC nayo huwa yanalowesha kapeti mrija wake ukiziba, ila yale ni meupe hayatelezi wala hayana harufu, pangusa na tishu utaona. Na hiyo kulanti ni sumu pamoja na utamu wake, msiache mbwa akalamba.

Kuongeza maji ya bomba kila asubuhi nako sio matengenezo. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95 tu, kinachokuokoa ni presha ya ule mfuniko pamoja na kulanti, na kila ukiongeza maji matupu kulanti inazidi kuwa nyepesi, kutu inaanza, na maji ya visima vya huku tunayajua, angalia birika lako ndani lilivyo halafu fikiria vile vijinjia vyembamba vya rejeta.

Kijana alichukua kama dakika ishirini, aliunganisha ile mipira miwili ya hita hapo kwenye ukuta wa injini, maji yakawa yanageuka bila kuingia ndani, akanitoza 20,000 na klipu mpya mbili. Tokea hapo alama ya markapeni haijashuka, mwezi wa tatu huu. Kapeti nilianika kwenye fensi siku nne.

Ila sasa sina hita na mwezi wa 6 unakuja, wanaopanda Marangu alfajiri wananielewa. Nimeulizia maduka ya spea hapa mjini wananiletea za Corolla hazikai. Kama kuna msomaji anajua pa kupata hita ya Carina Ti, Arusha au hata Dar, naomba aandike kupitia ukurasa huu huu. Na yule ndugu wa Sakina atuambie, kapeti lake la kushoto likoje?

Msomaji wenu,
Pasua, Moshi